Kijiti Kwenye Rafu ya Springi

Vijana wakisikia nilikuwa dereva wa serikali enzi za Ujamaa, wanadhani nilikuwa nakula maisha. Nilikuwa nakula vumbi. Gari langu lilikuwa Landrova ya dizeli iliyoletwa mwaka wa Uhuru, na kufikia mwaka sabini na nne lilikuwa limechoka kuliko mimi. Ukitoka Bunda kwenda Musoma, usukani uliuzungusha karibu robo nzima kabla magurudumu hayajapata habari. Ukikanyaga breki lilivuta kushoto, upande wa mtaro. Ukiingia shimoni, springi za mbele ziligonga chesisi mpaka meno yakauma. Nalitaja gari kwanza kwa sababu bila ubovu wake nisingekuwa na la kusema juu ya fundi Pastory, na naamini mwenyewe angetaka nianze na gari.

Pastory alizaliwa juu ya Kiriba, kwenye miinuko ile inayoliona ziwa pande mbili. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Marieta, mwanamke aliyefiwa na mume mapema na kulea watoto kwa jembe lake mwenyewe. Kijana alipopata nguvu akaenda Kiabakari kutafuta kazi mgodini. Badala ya kumshusha chini kuchimba dhahabu, wakamweka karakana kuosha vyuma kwa dizeli. Aliosha miaka miwili, akitazama tu. Mwaka wa tatu walimpa spana. Mgodi ulipofungwa, miaka michache baada ya Uhuru, akaja Musoma kwenye karakana ya serikali, na huko ndiko tulikojuana.

Alikuwa mfupi, mpole, na hakuwa na maneno. Ukimtania alikutazama mpaka utani ukakuishia mdomoni. Mimi ni mtu wa kusema, watu wa Bunda wananijua, na mwanzoni nilidhani ananidharau. Baadaye niligundua kwamba alikuwa anasikiliza kwa mikono. Akitaka kujua ugonjwa wa usukani, alikuambia ukae kwenye kiti uuchezeshe kidogo kidogo, kushoto kulia, naye analala chini ya gari ameshika kiungo kimoja kimoja kwa kiganja. Hakutumia nyenzo wala hakupiga nyundo. Kiungo kilicholika kinagonga ndani ya mkono, alisema, hata kama jicho halioni kitu.

Na alikuwa na sheria yake aliyotoka nayo mgodini. Fundi aliyefungua usukani wa gari ndiye anayepanda safari ya kwanza, kiti cha mbele, kushoto. Kama amekosea kufunga, afe pamoja na dereva. Mafundi wengine walimcheka, lakini sisi madereva tuliipenda sheria ile kama chakula. Nimeendesha magari yaliyofungwa na watu waliobaki karakana wakinywa chai, na nasema wazi, sikuwa naomba Mungu vizuri namna ile hata kanisani.

Mwaka huo wa sabini na nne, mwezi wa nane, ikaja Operesheni. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila mmoja na mji wake mlimani au bondeni, walitakiwa kuhamia kijijini, nyumba zipangwe kwa mstari kando ya barabara, shule iwe karibu na kisima kiwe karibu. Shule na kisima ni vitu vyema, sitasema uongo. Lakini watu hawakuulizwa, walihamishwa. Mimi nilipewa kumbeba Bwana Enoka, ofisa aliyepewa orodha ya miji ya upande wetu, pamoja na vijana wa mgambo wanne. Tulifika, Enoka alisoma majina, vitu vilitolewa nje, nyasi za paa zilishushwa ili mtu asirudi. Kisha tulishuka na mizigo.

Wiki ya kwanza sikupata usingizi. Wiki ya tatu nilikuwa nalala vizuri tu. Nilikaa ndani ya gari wakati kazi inafanyika, nikakwangua tope kwenye pedali, nikafikiria chakula cha mchana. Mama mmoja wa upande wa Suguti alinijia dirishani akaniuliza kama mimi nina mama. Nikamwambia ninaye, nikapandisha kioo. Hilo linaniuma sasa. Wakati ule halikuniuma.

Kilichoniamsha kilikuwa woga wangu mwenyewe. Jumatatu moja tunatoka Butiama, watu sita ndani ya gari, tukafika kwenye daraja dogo. Ng'ombe akakatiza, nikakanyaga breki, gari likaenda kushoto nami nazungusha usukani kulia na hakuna kinachotokea. Tulisimama gurudumu moja liko hewani juu ya mtaro. Nikashuka, nikamwambia Enoka kwamba kwenye orodha yake kuna Kiriba ya juu siku ya Ijumaa, na mimi sipandi Kiriba na gari hilo. Anifukuze kazi akitaka. Enoka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa wakubwa zake, na wakati mwingine huyo ni mbaya zaidi. Alisema, "Sawa. Peleka karakana. Ijumaa nalitaka."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyelalamika. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanionea huruma.

Pastory alilala chini ya gari, nami nikachezesha usukani. Alishika viungo vyote sita vya tairodi, zile fimbo za kugeuza magurudumu, kimoja baada ya kingine. Alipotoka alisema vitano vimekufa na cha sita kinaumwa. Bushi za springi zilikuwa zimeisha, mpira umekuwa unga. Springi ya kushoto ilikuwa na majani mawili yaliyokatika, ndiyo maana gari liliinama upande huo. Na kile kiungo cha katikati kinachojificha ndani ya chesisi, ambacho hutakiwa kuogelea kwenye oili, kilikuwa kikavu na kutu tupu.

"Vipuri iko?" nikauliza.

"Hakuna. Hata grisi tunagawanaga kwa kijiko."

"Basi itabidi ujitahidi, fundi. Ijumaa tunapanda Kiriba."

Alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa. Akaacha. "Kiriba ipi?"

"Ya juu. Kuna miji kumi na moja kule imegoma kushuka."

Alikunja kile kitambaa vizuri akakiweka juu ya bonati. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kutaja vipuri, "Mmoja ni wa mama yangu."

Nikatazama huku na huku kama kuna mtu anasikia. Nikamwambia kwa sauti ya chini aliache gari. Vipuri kweli hakuna, nani atamlaumu? Lori haliwezi kupanda kule, njia ni ya mbuzi. Gari hili likilala hapa mwezi mzima, mama yake naye atalala kwake mwezi mzima, na Operesheni itaishiwa pumzi. Alitikisa kichwa kidogo, sikujua ni kukubali au nini. Lakini siku ile hakufungua hata nati moja, na Jumanne asubuhi gari lilikuwa bado liko juu ya magogo halijaguswa. Nikafurahi moyoni. Nilidhani nimefanya jambo jema kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze.

Enoka alikuja kabla ya saa nne. Akaliona gari, akauliza, nikajibu mimi: vipuri hakuna. Akavua kofia akajifuta jasho. Alisema kama gari halipo hana la kufanya, vijana watapanda kwa miguu. Na mtu wa miguu habebi mizigo ya watu kushuka nayo, wala hana muda wa kushusha nyasi fito kwa fito. Atatumia kiberiti. "Nawaambia tu ilivyo," akasema. "Si mimi niliyetunga." Akavaa kofia akaenda zake.

Pastory alibaki amechuchumaa karibu na gurudumu. Nilitegemea aseme kitu juu ya mama yake, au amtukane Enoka, au anitukane mimi. Aliinuka akasema, "Twende Kiabakari."

Tulipanda lori la pamba lililokuwa likirudi tupu. Nyuma ya mgodi wa zamani kulikuwa na makaburi ya magari, yamelala kwenye nyasi ndefu, kuku wa watu wanataga ndani. Pastory aliyajua yote kwa jina. Alinionyesha Landrova moja isiyo na injini wala milango, akasema gari hili alilihudumia miaka sita. Akatambaa chini yake, akashika viungo kwa kiganja, akavikataa vitatu, akavikubali vitatu. Kwenye gari jingine akapata vitatu vingine na springi nzima yenye kutu nzuri, ile ya juu juu. Tulirudi jioni tumebeba vyuma begani kama watu waliotoka kuvua na kupata.

Jumatano na Alhamisi tulifanya kazi mchana kutwa. Nasema tulifanya kwa sababu sikuondoka, nilishika taa na nyundo. Bushi za zamani zilikuwa zimeng'ang'ania, tukazichoma moto mpaka mpira ukaungua na kunuka karakana nzima, kisha tukazigonga zitoke. Bushi mpya alizikata mwenyewe kwenye tairi bovu la lori, akazichonga kwa kisu kilicholowa maji ya sabuni, akazijaribu, akazichonga tena. Kile kiungo cha ndani ya chesisi alikifungua kwa uangalifu mkubwa, maana ndani yake kuna springi iliyobanwa ambayo ikiruka inaweza kuvunja taya. Alikisafisha, akakijaza oili. Alifanya yote kwa utulivu ule ule, na mimi nilianza kumwogopa kidogo. Kama angelia ningejua la kufanya.

Alipokuwa anafunga tairodi ya mwisho ndipo aliposema. Alikuwa chini ya gari, naona miguu yake tu.

"Kule kwetu nyumba inakuwaga na kijiti juu."

Nilikuwa nimekiona, kwa macho ya mpita njia tu. Kwenye ncha ya paa la msonge palikuwa na kijiti kirefu cha mti mgumu kimechomoza juu ya nyasi. Pastory alinieleza. Kijiti kile ni cha mwenye nyumba. Akifa, kabla hajazikwa, mtoto wake wa kwanza wa kiume anapanda juu anakichomoa, na kila anayepita kwa mbali akitazama paa anajua kwamba mtu wa pale hayupo tena. Akiwa hai hakiguswi. Hata mtu akihama, nyumba anaiacha na kijiti chake, iliwe na mchwa polepole, ianguke yenyewe.

"Sasa hawa mgambo watakuja, watavuta paa, kijiti kitavunjika, kitachomwa. Mama atakuwa amekufa na anatembea." Akakaza nati kidogo. "Nimefikiri. Hizi tairodi zilikuwa zimekufa kule Kiabakari. Leo ziko hai huku. Si ndiyo? Basi mimi nitapanda gari, ni sheria yangu, hakuna atakayeniuliza. Nitakichomoa mwenyewe, kizima, nitakishusha, nitakipandikiza kwenye nyumba mpya. Kijiti hakitalala chini hata dakika. Mama atakuwa amehama tu."

Nilimjibu kwamba ni akili nzuri. Kwetu nako tuna mila zetu za nyumba, na nilijua kabisa kwamba mambo hayo hayaulizwi kwa dereva, yanaulizwa kwa mama mwenyewe. Ningemwambia, "Fundi, umemwuliza mama kwanza?" Ni maneno manne. Lakini nilikuwa nimechoka, mikono inanuka mpira, na ukweli ni kwamba nililitaka gari langu lipone. Nikasema ni akili nzuri.

Ijumaa asubuhi Pastory alikaa kiti cha mbele, kushoto. Enoka alihamia nyuma na mgambo wake akinung'unika, nikamweleza sheria ya fundi, akakubali. Tukaondoka. Nataka niseme ukweli juu ya safari ile hata kama ni aibu. Nilifurahi. Usukani ulikuwa mwepesi na mkweli, ukiugusa kidogo gari linakwenda kidogo, ukiuacha linanyooka. Tulipanda njia ile ya mbuzi, mawe pande zote, na springi zilikunja na kukunjua bila kugonga kitu. Nilimgeukia Pastory nikamwambia, "Fundi, hili gari limezaliwa." Aliweka kiganja juu ya dashibodi akasikiliza. Akasema upande wa kushoto ataukaza robo tena tukirudi.

Marieta alikuwa amekaa nje, mlangoni, miguu ameinyoosha, anachambua mtama kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mifupa, kichwa kimenyolewa. Aliliona gari, hakuinuka. Pastory alishuka wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekuja na hawa?"

"Nimekuja na gari," alisema Pastory.

Marieta aliitazama Landrova, akatutazama sisi, akarudi kwenye ungo wake. Enoka alisoma jina. Marieta alisema jina ni lake. Enoka akasema vitu vitolewe. Marieta akasema vitoeni, si mna mikono. Alipomaliza mtama aliusogeza ungo kando, akabaki amekaa. Mgambo walitoa vyungu, ngozi ya ng'ombe, kitanda cha kamba, jembe, picha ya Bikira Maria iliyofunikwa kioo. Yeye hakugeuka hata kuona kama vyungu vinavunjwa. Nilikuwa nimeshuka garini siku hiyo, sijui kwa nini, nikasimama karibu na bonati.

Mgambo mmoja alileta ndoana ndefu ya kuvutia paa. Pastory akamwambia, "Ngoja." Akavua viatu. Akapanda ukutani, akashika fito, akatambaa juu ya nyasi mpaka kileleni. Marieta alisikia nyasi zinalia, akainua uso. Alipoona ni nani, aliinuka wima mara moja, kwa wepesi ambao sikuutegemea kwa mtu wa umri wake, na akanyoosha mkono mmoja juu na kiganja wazi, kama mtu anayesimamisha gari. Hakupiga kelele. Pastory alikuwa amempa mgongo. Alikishika kijiti kwa mikono miwili, akakichezesha kidogo kushoto kulia kama afanyavyo na kila kitu kilichong'ang'ania, na kikatoka kizima.

Alishuka nacho amekibeba wima, kama mshumaa wa kanisani, asikiguse chini. Alikuwa karibu kutabasamu. Sikuwahi kuona hivyo usoni mwake kabla wala baada.

Marieta aliushusha mkono. Alisema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuipenda, nadhani ili na sisi wageni tusikie.

"Hawa ni upepo. Upepo ukiangusha kijiti, mtu hafi. Wangevunja, wangechoma, mimi ningekuwa hai tu, ningekaa kwenye hicho kijiji chao na ningekuwa hai. Sasa umekitoa wewe. Wewe ni mwanangu wa kwanza, Pastory. Wewe ndiye wa kukitoa. Basi umekitoa."

"Mama, nitakiweka kule. Kitakuwa kule kule juu ya nyumba yako."

Marieta alijifunga kitenge vizuri, akaja mwenyewe kwenye gari, akapanda nyuma, akakaa kati ya vyungu vyake na macho ameyafumba. Pastory alisimama na kijiti chake. Nilimwambia apande. Tulipofika njiani nilimtupia jicho. Kile kijiti alikuwa amekisimamisha kati ya magoti, na mkono mwingine uko dashibodi, kiganja wazi. Sijui alikuwa anasikia nini, maana gari lilikuwa halina hata mlio.

Huko kijijini Marieta alijengewa nyumba kwenye mstari wa tatu, nyasi hizo hizo. Pastory alipokwenda na kijiti, Marieta alitoka nje akasimama mlangoni na jembe mkononi mpaka alipoondoka. Nyumba ya mtu aliyekufa haina kijiti, aliwaambia majirani. Kwa hiyo kijiti kilirudi Musoma. Pastory alikifunga kitambaa chenye oili ili mchwa wasikile, akakiweka karakana, kwenye rafu ya juu, pamoja na majani ya springi.

Miaka kumi na moja Marieta aliishi katika kijiji kile. Alilima, alikwenda misa, alicheka na wanawake wenzake kisimani, nimemwona kwa macho yangu akicheka. Kwa Pastory tu alikuwa maiti. Akisema shikamoo mama, mama alikuwa anatazama mahali pengine kwa utulivu, bila hasira, kama asiye na masikio. Chakula kilichotoka mkononi mwa mwanawe hakula. Pastory alinunua sato Musoma kila mwisho wa mwezi, akaja nao mpaka barabarani, akamkabidhi mkewe Dorotea, na Dorotea aliwapeleka kama wake. Marieta alijua, bila shaka alijua. Alikula, akamshukuru Dorotea.

Nilimwuliza Pastory mara moja tu kama inamuuma. Alikuwa anafunga gurudumu. Alifikiri kwa muda, kwa sababu alikuwa mtu wa kujibu ulichouliza, akasema, "Sisikiagi kitu, Boniphace. Naweka mkono, sisikii." Nilidhani anasema habari ya gari. Nami kwa ujinga wangu nikamwambia labda uzi wa nati umeshalika.

Sheria yake aliiacha. Alifunga usukani wa magari mengine mengi, vizuri kama zamani, lakini hakupanda tena safari ya kwanza. Madereva wapya hawakujua hata kwamba iliwahi kuwapo.

Marieta alifariki mwaka themanini na tano, asubuhi, akiwa shambani. Habari niliipeleka mimi karakana. Pastory alikuwa chini ya gari la watu wa afya. Nikachuchumaa nikamwambia.

"Lini?" aliuliza.

"Leo. Leo asubuhi."

"Leo," akarudia. Miguu yake haikusogea. Baadaye nikasikia spana inaendelea. Alimalizia nati ile, na ya pili, akatoka, akanawa mikono kwa dizeli kisha kwa sabuni, akapanda juu ya kiti akatoa kitu kwenye rafu ya springi. Sikuuliza. Nilikuwa bado naiendesha Landrova ile ile, imepakwa rangi upya mara mbili. Akaja akakaa kiti cha mbele, kushoto, kijiti kati ya magoti.

Tulipofika kijijini watu walikuwa wamejaa uani kwa Marieta. Ndugu zake walipomwona wakaanza kunong'onezana, maana ilikuwa saa ya kufanya lile la paa na paa halikuwa na kitu. Pastory hakusalimia mtu. Alivua viatu. Alipanda juu ya nyumba ya mama yake, mtu wa miaka hamsini na zaidi sasa, magoti yanalia. Akafungua kitambaa, akakichomeka kijiti kileleni, akakikandamiza mpaka kikasimama imara. Kisha akashuka.

Aliingia ndani alikolazwa mama yake. Mlango ulikuwa wazi, tulisikia wote.

"Shikamoo mama."

Alingoja. Akasema tena, sauti ile ile, wala si ya kulia, "Nimekula, mama." Dorotea aliweka mkono mdomoni. Mimi nililia, sioni haya kusema, nililia kwa ajili ya yule mama wa Suguti na kioo cha gari na maneno manne niliyoyaacha karakana.

Pastory hakulia. Alitoka, akapanda tena juu ya paa, akakishika kijiti kwa mikono miwili, akakichezesha kidogo kushoto kulia, akakichomoa. Safari hii alikilaza chini kwenye majani, kama inavyotakiwa. Wazee wakaitikia kwa vichwa, na wachimba kaburi wakaendelea.

Tulipomaliza kuzika tukaondoka kurudi Musoma, jua linaelekea kuzama, mpaka tukaliona ziwa. Hapo Pastory akaweka kiganja juu ya dashibodi, akakiondoa, akakiangalia.

"Usukani unachezaga?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Hauchezi, fundi. Tangu siku ile ya Kiriba haujacheza hata kidogo."

"Mimi sisikii," akasema. "Ndiyo maana nauliza."